Skripti kwa wachunguzi wa ushahidi wa kidijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu ninaofanya nao kazi na ninaowafundisha: askari wa upelelezi, wakaguzi wa ndani wa benki na saccos, vijana wa chuo wanaotaka kuingia kwenye fani. Nimeyapanga jinsi yanavyonijia, si kwa uzito wake.

Skripti ni nini hasa, na nihangaike nayo ya nini wakati ofisi imeshanunua programu kubwa?

Ni orodha ya amri ulizoziandika kwenye faili ili kompyuta izitekeleze mfululizo, bila wewe kukaa pale ukibofya. Programu kubwa ya uchunguzi ni kama basi la mkoani: linakufikisha stendi. Kutoka stendi hadi mlango wa nyumba unayoitafuta utachukua bodaboda, na bodaboda ndiyo skripti.

Chukua kesi ya simu 14. Kila simu unataka meseji za kati ya tarehe mbili zinazotaja namba tatu fulani. Kwa mkono utabofya vilevile mara 14, na kufikia simu ya tisa jicho limeshachoka. Skripti haichoki. Ila ujue kwamba ukiikosea, nayo itakosea mara 14 bila kuchoka.

Sijasomea programu. Nitaweza?

Utaweza. Anza na mistari mitano. Mchunguzi anayejua kwamba meseji za Android huwa kwenye faili linaloitwa mmssms.db ana kitu ambacho mtaalamu wa programu hana. Sintaksia, yaani kanuni za kuandika lugha ya programu, utaizoea baada ya wiki chache, lakini kujua uulize nini kunachukua miaka.

Nijifunze lugha gani?

Python. Ukiwa unashughulika zaidi na kompyuta za Windows za ofisini, ongeza PowerShell. Ukitumia Linux, Bash itakuja yenyewe. Perl utakutana nayo kwenye zana za zamani zinazofanya kazi mpaka leo, kama RegRipper ya Harlan Carvey inayosoma rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake) na ExifTool ya Phil Harvey inayosoma taarifa zilizofichika ndani ya picha. Huhitaji kuandika Perl, inatosha kutoiogopa.

Zana zipi zinakubali kuendeshwa kwa skripti?

Nyingi, na zilizo bora ni za bure. The Sleuth Kit ya Brian Carrier ni mkusanyiko wa amri ndogondogo. mmls inaonyesha mgawanyo wa diski, fls inaorodhesha mafaili pamoja na yaliyofutwa, icat inatoa faili moja, na mactime inapanga kila kitu kwa muda. Autopsy, yenye madirisha ya kubofya, imejengwa juu yake na inapokea moduli za Python. Plaso inakusanya matukio kutoka vyanzo vingi na kuyaweka kwenye mstari mmoja wa muda. Volatility inachambua kumbukumbu ya RAM. Kwa simu, ALEAPP ni ya Android na iLEAPP ni ya iPhone. Zote mbili zimeandikwa kwa Python, na unaweza kuzifungua usome zinafanya nini. Za kulipia nazo zina milango yake: EnCase ina lugha yake ya EnScript, X-Ways ina X-Tensions.

Usizipakue zote leo. Jifunze fls na icat mpaka uzijue kama njia ya kwenu.

Kazi gani ya kwanza niipe skripti?

Kuhesabu heshi, yaani alama ya vidole ya faili. Ni kazi ya kurudia, haina ubunifu, na mtu akiifanya kwa mkono lazima atakosea. Kanuni za kuihesabu ziko kadhaa; tumia SHA-256. MD5 ilivunjwa tangu 2004, na SHA-1 ilifuata 2017, pale watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na Google walipotoa mafaili mawili tofauti ya PDF yenye heshi moja. MD5 bado utaihitaji kulinganisha na orodha za zamani za mafaili yanayojulikana, basi hesabu zote mbili kwa pamoja.

Hapa nina aibu yangu ya kusimulia. Miaka ya mwanzo niliandika skripti ya kutoa mamia ya picha kwa icat na kuzipigia heshi. Ikamaliza haraka mno, nami nikajisifu. Nilipofungua orodha, kila mstari ulisomeka d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e. Hiyo ni MD5 ya faili tupu. Nilikuwa nimeandika vibaya namba ya sekta ambapo kizigeu (sehemu ya diski) kinaanzia, icat ikashindwa kila mara, lakini alama ya > inayopeleka matokeo kwenye faili huunda faili hilo kabla amri haijaanza kazi. Nikapata mamia ya mafaili matupu yenye majina mazuri. Tangu siku ile kila skripti yangu ya Bash inaanza na mstari `set -euo pipefail`, unaoisimamisha amri ikishindwa, na kila faili linapimwa ukubwa kabla ya kupigiwa heshi. Kariri zile herufi za mwanzo, d41d8cd9. Kwa SHA-256, faili tupu huanza na e3b0c442. Ukiziona zimejaa kwenye ripoti, usiisaini.

Kwa nini skripti yangu inaruka baadhi ya mafaili?

Nafasi kwenye majina. Folda inaitwa "Picha za harusi", skripti inaiona kama vitu vitatu: Picha, za, harusi. Katika Bash zungushia jina alama za kunukuu kila unapolitumia, na ukipitisha orodha kutoka find kwenda amri nyingine tumia -print0 pamoja na xargs -0. Ukiwa Python tatizo hili linakuhusu kidogo sana, na ni moja ya sababu zangu za kuipenda.

Saa zinanichanganya. Nifanyeje?

Zinachanganya kila mtu, na kesi nyingi zimeyumba hapa kuliko kwenye heshi.

Tatizo la kwanza ni kwamba kila mfumo unahesabu kuanzia siku yake. Android huandika milisekunde tangu Januari 1, 1970. Chrome huandika mikrosekunde tangu Januari 1, 1601. Programu nyingi za iPhone huhesabu sekunde tangu Januari 1, 2001. Kwa hiyo namba hizi tatu, 1700000000000, 13344473600000000 na 721692800, ni nukta moja ya wakati: Novemba 14, 2023, saa 22:13:20 kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia. Kutoka hesabu ya 1601 kwenda ya 1970 unatoa sekunde 11644473600. Kutoka ya 2001 unaongeza 978307200. Ziandike ukutani.

Tatizo la pili ni ukanda. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo nukta ile ile kwa Dar es Salaam au Nairobi ni Novemba 15, saa 01:13:20. Tarehe imebadilika. Ripoti ikisema tarehe 14 na shahidi akisema tarehe 15, wakili wa utetezi ataamka na tabasamu.

Tatizo la tatu halimo kwenye vitabu vya wenzetu, maana ni letu. Shahidi hatasema saa 01:13. Atasema saa saba usiku. Na siku ataitaja vipi? Mmoja atasema Jumanne usiku, kwa kuwa hajalala bado. Mwingine atasema usiku wa kuamkia Jumatano. Mzee wa pwani anayeanza siku Magharibi atasema usiku wa Jumatano, akiwa na maana hiyo hiyo. Wote wanasema kweli, na kompyuta imeandika namba moja tu.

Mimi hufanya hivi: skripti inatunza muda wa UTC kwenye safu ya kwanza bila kuugusa, safu ya pili ina saa za Afrika Mashariki zikiwa na +03:00 mwishoni, na safu ya tatu ina maneno, "Jumatano 15/11/2023, saa saba na dakika 13 usiku (usiku wa kuamkia Jumatano)". Safu hiyo ya tatu ni mistari kama ishirini ya Python, na ndiyo hakimu anayoisoma.

Nikitafuta neno kwenye simu ya mtu anayeandika Kiswahili, nakosa meseji nilizoziona kwa macho. Kwa nini?

Kwa sababu zana nyingi zimejengwa zikidhani neno ni neno. Kiswahili hakikai hivyo. Ukitafuta "lipa" kama neno kamili utakosa nimelipa, atanilipa, hajalipwa na nilipe. Basi unasema, nitatafuta mzizi "lip" popote ulipo. Sasa umeshika alipofika, walipokuja, alipata, nilipenda na walipanda, yaani nusu ya simu nzima, maana "-li-" ya wakati uliopita ikikutana na "-po-" au kitenzi kinachoanza na p inakutengenezea "lip" ya bure.

Kinachofanya kazi ni kufunga mwisho wa neno na kuacha mwanzo wazi: `lip(a|e|wa|ia|ie)\b`. Alama | ni "au", na \b ni mpaka wa neno. Ruwaza hii inapata nimelipa na hajalipwa, inaacha alipata na nilipenda. Itakosa lipeni na unalipaje, hivyo waongeze hao. "Malipo" iandikie ruwaza yake. Fanya hivyo hivyo kwa "tum": bila kufunga mwisho utabeba tumbo na tumaini. Na "tumia" ya matumizi hutaikwepa kwa ruwaza yoyote, hapo macho yako lazima yafanye kazi.

Halafu kuna uandishi wa simu. Watu huandika xaxa, cjui, wa2, ni2mie, ela badala ya hela, apo badala ya hapo. Kabla ya kutafuta, skripti itengeneze nakala ya pili ya kila meseji ambayo 2 iliyobanwa na herufi imegeuzwa "tu" na x kuwa "s", kisha itafute kwenye zote mbili. Ripoti ionyeshe maandishi ya asili tu. Ile nakala iliyosafishwa ni ya kutafutia, haiingii kwenye ushahidi.

Fedha nayo ina majina mengi: hela, mkwanja, mshiko, buku, jero, thao, soo, mpunga. Orodha yako iwe faili la pembeni unaloongeza kila kesi, na uulize wanaojua msamiati wa mtaa husika. Kuhusu mpunga, uwe na akili. Ukipekua simu ya mkulima wa Mbarali, utapata mpunga meseji nzima, na kweli ni mpunga.

Jambo la mwisho, la kiufundi. Windows huhifadhi maandishi mengi kwa UTF-16, ambapo kati ya kila herufi kuna baiti ya sifuri. Amri ya grep ya kawaida inatafuta p-e-s-a zikifuatana, haiwezi kuiona p-0-e-0-s-0-a-0. Tumia `strings -el` kwanza, au zana ya bulk_extractor.

Namba za simu na miamala ya pesa je?

Mtu mmoja huonekana kama watatu: 07 na tarakimu nane, 2547 na tarakimu nane, au +254 yenye nafasi katikati. Tanzania ni vilevile kwa 255. Ondoa kila kisicho tarakimu, shika tarakimu tisa za mwisho, linganisha hizo. Kama kesi inavuka mpaka, tunza na msimbo wa nchi, maana tisa za mwisho zinaweza kufanana Kenya na Tanzania kwa watu wawili wasiojuana.

Kwa M-Pesa ya Kenya, kila meseji ya muamala ina msimbo wa herufi na tarakimu, jumla kumi. Skripti ikiutoa kwenye simu na kuulinganisha na taarifa rasmi iliyotolewa na kampuni kwa amri ya mahakama, utaona mara moja muamala upi uko kwenye taarifa lakini meseji yake haiko kwenye simu. Pengo hilo huwa na maneno mengi kuliko meseji zilizobaki.

Je, skripti inaweza kuharibu ushahidi?

Ndiyo, na kimyakimya. Mfano ninaoupenda kutisha nao wanafunzi ni SQLite, aina ya hifadhidata ambayo ndiyo ghala la WhatsApp na programu nyingi za simu. Pembeni ya msgstore.db mara nyingi kuna faili la msgstore.db-wal lenye mabadiliko ambayo hayajaunganishwa, na linaweza kuwa na mabaki ya yaliyofutwa. Ukiifungua hifadhidata kwa njia ya kawaida na kuifunga, SQLite inaunganisha yaliyomo na kulifuta faili lile. Hujaandika hata herufi moja, lakini kielelezo kimebadilika. Nakili yote, .db, -wal na -shm, yapigie heshi, kisha fungua nakala.

Diski za Linux nazo zina mtego. Ukiziunganisha kwa `ro` (kusoma tu) peke yake, ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, inaweza kutekeleza upya jarida lake la mabadiliko na hivyo kuandika kwenye diski. Andika `ro,noload`. Hata hivyo skripti isiguse diski halisi kabisa. Diski halisi inapita kwenye kifaa cha kuzuia kuandika, inanakiliwa, inarudi kabatini kwenye mfuko wake wenye lakiri.

Mahakama itakubali matokeo ya skripti niliyoandika mwenyewe?

Mahakama haiulizi nani ameandika. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaelekeza kuangalia kama namna data ilivyotengenezwa, kutunzwa na kulindwa inaaminika. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai hati inayoeleza rekodi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Mwongozo wa polisi wa Uingereza ulilisema kwa ufupi: mtu mwingine akifuata hatua zako apate jibu lile lile.

Na usidhani ya kununua ina kinga. Mwaka 2011 huko Orlando, Marekani, kwenye kesi ya Casey Anthony, jopo la mahakama liliambiwa kwamba ukurasa kuhusu klorofomu ulifunguliwa mara 84. Programu nyingine juu ya data ileile ilisema mara 1. Mtengenezaji wa programu ya kwanza, aliyekuwa ameshatoa ushahidi, alirudia hesabu na kukuta kosa ni la programu yake. Mchunguzi ambaye angeandika mistari kumi ya kuhesabu mwenyewe angeiona tofauti hiyo kabla ya kizimba.

Kwa hiyo skripti yako ijieleze. Huu ni mfano wa kubuni wa ninachotaka kukiona chini ya kila matokeo:

skripti: chuja_sms.py, toleo 1.3
imeanza: 2024-03-11T09:14:02+03:00
rekodi zilizosomwa: 8412
zilizochaguliwa: 37
zilizorukwa: 5 (hazina muda)

Juu yake iwepo heshi ya kielelezo na heshi ya skripti yenyewe. Mstari wa thamani ni ule wa zilizorukwa. Skripti isiyosema imeruka nini inakuficha kitu.

Excel imeharibu namba zangu. Kosa la skripti?

La Excel. Inakata sifuri ya mwanzo ya 07, inaonyesha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kama 3.56E+14 na ukihifadhi tena CSV (jedwali la maandishi matupu) inaandika hivyo hivyo, na namba ya kadi ya laini yenye tarakimu 19 inageuza nne za mwisho kuwa sifuri kwa kuwa inashika 15 tu. Usifungue CSV kwa kubofya mara mbili. Iingize kupitia menyu ya data na uitaje safu kuwa maandishi, au skripti itoe faili la xlsx ambalo safu hizo zimeshatajwa kuwa maandishi.

Naweza kutumia skripti ya mtandaoni au iliyoandikwa na AI?

Ukiielewa mstari kwa mstari, ndiyo. Usipoielewa, utajibu nini wakili akiuliza mstari wa 40 unafanya nini? "Niliipata" si jibu. Ijaribu kwenye diski ambayo majibu yake unayajua. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, inatoa nakala za mazoezi kupitia mradi wa CFReDS, au jitengenezee yako: fleshi ndogo, mafaili kumi, futa matatu, andika kwenye daftari saa ya kila tendo. Data ya kesi usiibandike kwenye AI ya mtandaoni hata kwa "swali dogo tu". Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022, na mwenye simu ana mke, watoto na daktari wake humo ndani.

Umeme umekatika saa tisa usiku skripti ikiwa katikati. Nianze upya?

Kama iliandikwa ya kukusanya kila kitu kwenye kumbukumbu na kutoa matokeo mwishoni, pole, anza upya. Kama unaandika sasa, fanya iandike kila rekodi inapoimaliza, na itunze faili la pembeni lenye majina ya yaliyokamilika. Ikiwashwa tena isome orodha hiyo, iruke yaliyomo, na ilifute na kulirudia faili la mwisho kabisa, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa mkononi umeme ulipokatika na huenda limeandikwa nusu. Kwenye logi iandike saa iliyozimika na saa iliyowaka.